Nilivyookoa vyeti na kulipwa bima baada ya maji kuingia ndani

Ziwa Tanganyika lilipopanda, maji yaliingia nyumbani kwetu Kibirizi, Kigoma, hadi usawa wa godoro. Nikashika fagio nitoe tope, mke wangu akanizuia: "Baba Neema, piga picha kwanza." Alikuwa sahihi kabisa. Nilipiga kila chumba, alama ya maji ukutani, hata namba iliyo nyuma ya friji.

Kilichoniuma zaidi ni vyeti, na picha za harusi ya wazazi wangu. Picha nilizisuuza kwa maji safi ya baridi, nikazianika kivulini, uso juu. Vyeti vilivyogandamana sikuvibandua kwa nguvu. Niliviweka kwenye mfuko wa plastiki, nikaomba nafasi kwenye friza la jirani anayeuza migebuka, maana baridi huzuia ukungu. Baadaye nilivitoa kimoja kimoja, vikakauka taratibu. Cha kidato cha nne kinasomeka vizuri, muhuri tu umefifia.

Bima nusura nikose. Mkataba wangu ni wa moto. Mafuriko ni kipengele cha kuongeza. Nilipekua ukurasa kwa ukurasa hadi nikakiona: nyumba imo, vyombo vya ndani havimo. Nililipwa ukarabati wa kuta, baada ya kukatwa sehemu ninayobeba mwenyewe. Mwaka huu nimeongeza vyombo kwenye bima.