Bizimu la mshipi

Usingizi umegoma, heri niandike. (Mambo ya kumtambulisha kijana nimeyageuza, na mwenyewe amenipa ruhusa.)

Aliletwa na sajini wake, kwa boti, mwezi uliopita. Miaka 23. Alikuwa amempiga mwenzake bwenini mpaka jino likatoka, kisa mzaha: yule mwenzake alivua mshipi, akauchapa kitandani na kuuliza nani anataka kiboko cha kulalia. Sajini alinivuta kando. "Mama, huyu ni askari mzuri, ila akiwaka hazimiki."

Kikao cha kwanza nilikiharibu mimi. Miaka yote hii nafanya ushauri nasaha hapa mtaa wa Langoni, Lamu, na bado ulimi ukateleza: "Mwanangu, hasira hasara." Akanitazama kwa adabu, mikono magotini kama yuko mbele ya mkubwa wake. "Hasara niliipata kabla ya hasira, madam."

Nilitamani niimeze ile methali. Sisi watu wa pwani tunagawa methali kama kaimati za futari, hatuulizi mwenzetu kafunga nini.

Kikao cha pili alijibu ndiyo na hapana tu. Cha tatu alifika akitetemeka. Alipokuwa akipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, alimkuta mtu anamchapa punda aliyebeba mawe. Akamnyang'anya fimbo, akaivunja, kisha miguu ikamwishia, akakaa kwenye baraza la watu asiowajua. Wakampa maji, wala hawakumwuliza kitu. Hapo Lamu naipenda. Punda tuna hospitali yao tangu 1987, na mtu mwenye kidonda kisichoonekana tunampa gilasi ya maji na nafasi barazani. Si haba.

Siku hiyo ndipo alipozungumza. Baba yake hakuwa mtu wa kelele. Jioni, kwanza kitasa, halafu kimya, halafu bizimu la mshipi likifunguliwa: che. Akiwa na miaka sita alishajua kumsukuma mdogo wake uvunguni na kubaki yeye. Ile hasira ndiyo iliyomsimamisha pale mbele. Kumwambia leo aitupe ni kumwambia amtupe yule mtoto.

Sasa fikiria bweni. Kila jioni, vijana thelathini wanavua mishipi kwa pamoja. Che, che, che. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za milio ya risasi.

Nilimweleza kwamba ndani ya ubongo mna sehemu iitwayo amigdala, inayopiga king'ora kabla akili haijauliza ni nani aliyeingia. Nikamtajia na ule utafiti wa California wa akina Vincent Felitti na Robert Anda, uliochapishwa 1998: watu zaidi ya 9,000 waliulizwa mambo ya utotoni, na zaidi ya nusu walikuwa wamepitia angalau balaa moja kati ya zilizotajwa. Akacheka, mara ya kwanza. "Kumbe tuko platuni nzima."

Aliniuliza kama ni lazima amsamehe mzee. Nikamwambia hilo halimo katika kazi yetu. Akitaka siku moja, ni lake. Nilimwona akishusha mabega.

Tunachofanya ni mazoezi, na mazoezi anayaelewa kuliko maneno yangu. Nyayo sakafuni. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Taja unachokiona dirishani: mnazi, waya wa nguo, paka. Kisha mimi naligusa bizimu mara moja, na yeye ndiye mwenye amri ya kusema endelea au acha. Wiki mbili alisema acha hata kabla sijanyoosha mkono.

Leo alivua mshipi mwenyewe, akauweka mezani katikati ya vikombe vya kahawa. Akaligonga bizimu kwa kidole. Mara ya kwanza akapumua. Ya pili akafumba macho. Ya tatu jasho lilimtoka hadi kwenye kola, akaurudisha mkono pajani.

"Ya tatu bado, madam."

Tukaishia hapo. Akauvaa mshipi wake taratibu, akaenda kuwahi boti.