Jiwe la kusagia

Leo tumewapeleka watoto wa Darasa la Tano kuona tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo, katika kijiji kimoja huku Chamwino, Dodoma. Familia imeitunza vilevile ilivyoachwa na wazee wao. Bibi mwenye nyumba alitupokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" na watoto wote wakaitikia, hata wasio Wagogo.

Mlango ni mfupi, inabidi uiname. Vyumba vimezunguka ua, na ua huo ndio uliokuwa zizi. Ng'ombe walilala katikati, watu wakiwazunguka. Paa ni la bapa: magogo, juu yake fito, juu kabisa udongo. Mtoto mmoja akauliza mbona mvua hailibomoi. Bibi akamwambia mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kabla haijaanza watu hupanda kuziba nyufa. Kiangazi paa hilohilo ndilo la kuanikia mtama na mlenda.

Lakini mimi nilinasa kwenye jiwe la kusagia. Limelala pembeni, limeliwa katikati mpaka limekuwa kama bakuli refu, laini kama sabuni iliyotumika. Bibi akapiga magoti, akamwaga konzi ya uwele, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili na kuanza kusukuma kwa mwili mzima. Kisha akampisha binti mmoja wa darasa langu. Yule mtoto alisukuma mpaka jasho likamtoka, unga uliopatikana haujai kiganja. Akauliza, "Bibi, kusaga unga wa ugali wa watu kumi, wewe ulikuwa unaamka saa ngapi?" Bibi akajibu kwamba jogoo alikuwa anawakuta kwenye jiwe.

Darasa zima kimya. Hilo bonde lililomo kwenye jiwe limechimbwa na magoti na mabega ya mama, bibi na mama wa bibi, alfajiri baada ya alfajiri. Mimi nafundisha somo la historia miaka yote hii na sijawahi kulitaja hata siku moja. Nimetaja wakoloni, nimetaja Operesheni Dodoma na watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sijawahi kusema kwamba nyumba zilizoachwa nyuma zilikuwa na mawe kama haya ndani yake. Nimeumia kweli.

Na kwetu nimekulia nyumba ya bati, nikiona aibu wenzangu wakijua kwamba bibi yangu mzaa mama bado anaishi kwenye tembe. Alifariki sijamuuliza chochote.

Jioni nikampigia mama. Nikamuuliza lile jiwe la bibi liliishia wapi.

"Lipo," akasema. "Liko chini ya mkwaju, kuku wanalinywea maji."

Nimemwomba asiruhusu mtu alisogeze. Jumamosi naenda.