Nilivyompeleka mama Tate Modern bila kumchosha

Mama yangu alikuwa fundi cherehani Tanga tangu mimi sijazaliwa mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Alipokuja kunitembelea London majira ya baridi ya 2023, kila mtu alinishauri nimpeleke kwenye kasri la mfalme apige picha na walinzi. Nikampeleka. Alisimama getini, akatazama, akauliza, "Kwa hiyo humu ndani hatuingii?" Hatukuingia. Nikajua safari inayofuata lazima iwe mahali pa kuingia, pawe na joto, pasitoboe mfuko, na pawe na kitu cha kumfanya aseme neno.

Nikaamua Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya kisasa iliyo ukingoni mwa mto Thames. Shoga zangu walicheka. Mzee wa miaka sabini na ushei, hajawahi kukanyaga makumbusho ya sanaa, unampeleka kwenye picha zisizo na kichwa wala miguu?

Niseme ukweli, wengi wetu tunaoishi hapa tunapita mbele ya jengo lile tukitoka kwenye daraja la waenda kwa miguu, tunapiga picha ya kuba la kanisa la St Paul's ng'ambo ya mto, tunaenda zetu. Kwa nje halina mvuto sana. Ni kituo cha zamani cha kuzalisha umeme, matofali zaidi ya milioni nne, na bomba la moshi la mita 99 limesimama katikati. Mitambo ilizimwa 1981, na jengo likafunguliwa kuwa makumbusho Mei 2000. Lililoniingiza mimi mara ya kwanza ni onyesho la Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017. Lilifunguliwa humo Novemba 2021. Nilikwenda kwa sababu nilisikia anatumia mtindo wa kanga na maneno yake, nikatoka nikijiuliza nilikuwa naogopa nini miaka yote ile. Kuingia kutazama hazina yao ya kudumu ni bure, hakuna anayekuuliza umesoma nini.

Lakini kwenda peke yako ni jambo moja, kumpeleka mzee ni jingine. Nilianza kupanga na magoti yake. Mama hutembea vizuri kama dakika ishirini, halafu magoti yanaanza. Halalamiki. Ananyamaza tu, na usipoujua ule ukimya wake utadhani anafurahia. Tate Modern ni majengo mawili yaliyounganishwa, lile la mitambo na mnara wa ghorofa kumi ulioongezwa 2016. Ukijidai utamwonyesha vyote, mtarudi nyumbani hamsemeshani. Nikasema vitu vitatu, na kimoja cha ziada nguvu zikibaki.

Kuvichagua vitu hivyo ndiko kulikonichukua muda, na hapa tovuti yao inasaidia kuliko watu wanavyojua. Kila kazi ina ukurasa wake, na ukurasa unakwambia kama kazi hiyo iko ukutani kwa sasa, na iko wapi. Makumbusho kama haya yana kazi nyingi mno kuliko kuta, zinapokezana. Mimi nilikuwa nimemweka Mark Rothko, mchoraji wa Marekani, nambari moja. Ni zile picha zake kubwa za rangi ya damu ya mzee, alizoagizwa mwaka 1958 kwa ajili ya mgahawa wa kifahari New York kisha akaghairi kuwapa. Tisa kati yake zilifika London Februari 1970, siku ileile aliyofariki. Chumba chake huwa na mwanga hafifu na pa kukaa, nikapiga hesabu kwamba magoti yatapumzika hapo. Kumbe hazipo! Zilikuwa zimeazimwa Paris, kwenye onyesho kubwa la Rothko pale Fondation Louis Vuitton, hazirudi mpaka Aprili. Ningekuwa sikuangalia, tungezunguka ghorofa nzima tukitafuta chumba ambacho picha zake ziko nchi nyingine.

Baada ya hapo nikabadili njia. Badala ya kujiuliza kipi ni maarufu, nilimwuliza mama mwenyewe, tena jikoni, bila kutaja makumbusho. Mama, ukikutana na kitu kilichotengenezwa kwa mkono, unatazama nini kwanza?

"Nakigeuza nione nyuma," akasema. "Mshono mbaya hujificha nyuma."

Jibu hilo lilinipa ratiba nzima. Wakati huo ndani ya Turbine Hall, ukumbi ule mkubwa ilimokuwa mitambo, urefu wake zaidi ya mita 150 na dari iko mita 35 juu, kulikuwa na kazi ya El Anatsui wa Ghana, aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Yeye hutengeneza mapazia makubwa kwa vifuniko vya chupa. Na mapazia yale yalining'inizwa katikati ya ukumbi, si ukutani, kwa hiyo unazunguka mpaka nyuma. Ukumbi huo ni bure pia. La pili nikachagua *The Snail* (Konokono) ya Henri Matisse, msanii wa Ufaransa, kwa sababu ni kazi ya mkasi. La tatu nikaliacha wazi, mama achague mwenyewe akiwa hukohuko. La ziada likawa onyesho la picha za wapiga picha wa Afrika, *A World in Common*. Hilo lilikuwa la kulipia, isipokuwa mtoto wa chini ya miaka 12 haingii kwenye hesabu, na mwanangu ana tisa. Sikukata tiketi mapema. Tiketi ya saa maalumu na mzee havipatani, mtaanza kukimbizana.

Siku ilikuwa Jumapili ya Desemba, mapema kabla shule hazijafunga, maana baada ya hapo familia zote za London zinahamia makumbusho. (Tarehe 24 hadi 26 Desemba wanafunga kabisa, usije ukamwahidi mgeni wako Krismasi.) Mlango unafunguliwa saa nne asubuhi, na ile saa ya kwanza ni dhahabu. Jumapili reli nyingi za huku hufanyiwa matengenezo, kwa hiyo usiku wake niliangalia kama treni ya Blackfriars inafanya kazi. Kituo hicho kina mlango upande wa kusini wa mto, kina lifti, na kutoka pale ni njia tambarare ya kando ya mto mpaka makumbusho. Watu wengi hupenda mlango wa magharibi, wenye mteremko mrefu unaokuingiza moja kwa moja ukumbini. Unapendeza, lakini mteremko ni adui wa goti kuliko hata ngazi. Sisi tuliingia kwa mlango wa mtoni, ambao unakupeleka kwenye kidaraja kinachoukata ukumbi, na kazi yote unaiona toka juu ukiwa umesimama tu.

Makoti tuliyaacha panapoachiwa makoti. Nilikuwa nimesoma kwamba wana viti vya magurudumu vya kuazima, bure, nikamgusia mama. Akanitazama jicho lile. "Mimi nimekuja kutembea au kulazwa?" Basi tukachukua kigoda cha kukunja, mwanangu akakibeba. Hicho alikikubali kwa sababu hakikuwa chake, kilikuwa cha mjukuu.

Pale darajani mwanangu alikuwa na kazi moja. Sehemu ya katikati ya kazi ya Anatsui ni vipande vyembamba vinavyoelea hewani, vimetawanyika, lakini ukisimama mahali fulani vinakutana na kuwa duara, dunia nzima. Alitafuta mahali hapo akikimbia huku na huku, akapata, akamvuta bibi yake mkono. "Bibi, simama hapa! Usisogee!" Mama akasimama, akainamisha kichwa, akaliona duara. Hakusema kitu, lakini aliondoka pale akarudi tena kuhakikisha.

Chini ukumbini tulifika mbele ya pazia la kwanza, jekundu, kubwa, limevimba kama tanga la jahazi lililoshika upepo. Mama alikwenda karibu, karibu mno mpaka mhudumu akaanza kutusogelea, nikamwashiria hatogusa. "Hivi si vifuniko vya chupa?" Ndiyo, mama. "Vya soda?" Vya pombe, mama. Mkono aliokuwa ameunyoosha akaurudisha kifuani. "Astaghfirullah." Nikamweleza ninachojua, kwamba pombe kali ilikuwa moja ya bidhaa zilizopelekwa Afrika Magharibi kwa meli na kubadilishwa na watu, na kwamba msanii anavitumia vifuniko hivyo akijua. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama ndiyo maana ya tanga. Nikamwambia nadhani ndiyo.

Halafu ufundi ukamrudia. Kila kifuniko kimepondwa kikawa bapa, au kimekunjwa, kimetobolewa pembeni, waya wa shaba umepita tunduni na kusokotwa na wa jirani yake. Maelfu kwa maelfu. Mama akakaa kwenye kigoda, akasogeza miwani, akaanza kuukagua msokoto wa waya. "Hii haikufungwa na mtu mmoja. Tazama hapa, huyu anasokota mara tatu na kubana. Huyu wa pembeni anasokota legelege, huyu mvivu." Nikamwambia ni kweli, ana karakana yenye wasaidizi wengi. Mimi kazi hii nilishaiona kabla, nimeisoma, nimeipiga picha, na msokoto wa waya sikuwahi kuuangalia hata mara moja.

Pazia la mwisho, kule mwisho wa ukumbi, linashuka toka darini kama ukuta mweusi na kujikunja sakafuni. Mbele jeusi tupu. Mama hakupoteza muda mbele. Alijinyanyua, akazunguka. Nyuma yake rangi zimejaa: njano, fedha, nyekundu, vipande vya kila namna vimeunganishwa. Alikaa huko nyuma muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile, na tulipotoka akasema fundi huyu haogopi kukaguliwa.

Chai tulikunywa mkahawani, na bei yake sikumtajia. Swala ya Adhuhuri nilikuwa nimeiwazia sana usiku uliopita, ikawa rahisi: nilimwuliza mhudumu, akatuelekeza pembeni palipotulia, tukaswali, mwanangu akalinda mikoba.

Kwa Matisse tulipanda lifti. *The Snail* ya mwaka 1953 ni karatasi zilizopakwa rangi, zikakatwa, zikabandikwa kwa mzunguko wa konokono, karibu mita tatu kwa tatu. Matisse alikuwa na miaka zaidi ya themanini, mwili umechoka, wasaidizi wakipaka karatasi rangi na yeye akikata. Nilijiandaa kumsikia akisema hata mtoto angeweza. Hakusema. Alitazama kingo za karatasi. "Huyu hakupima wala hakupiga chaki. Amekata mkono ukiwa umeshazoea." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu wa biashara, kwamba lakini ile ya zambarau juu pale ameichana, hakuikata. Nenda kaangalie mwenyewe.

La tatu, lile alilopaswa kuchagua mwenyewe, alichagua benchi. Alikaa nusu saa akitazama watu. Nami nikatulia, maana benchi lilikuwa ndani ya ratiba.

Nguvu zikarudi, na tiketi za onyesho la picha tukazipata palepale. Humo sitasema mengi, isipokuwa kwamba mbele ya picha za James Barnor, yule mpiga picha wa Accra aliyekuwa na studio yake miaka ya 1950, mama alitaja kila mshono wa kila gauni kwa jina lake na kunieleza kitambaa kingekuwa yadi ngapi. Mama mmoja Mnaijeria aliyekuwa nyuma yetu aliniomba nimtafsirie, wakaanza kubishana juu ya mikono ya kuvimba, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiingereza. Mwanangu akakaa chini kwenye kigoda.

Ghorofa ya kumi hatukupanda, ingawa kila mtu huisifia mandhari. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi, na sikutaka mama atembee kando ya mto gizani. Saa tisa kasoro tulikuwa njiani kurudi stesheni.

Sasa dada yangu wa Muscat anakuja na mapacha wa miaka minne, ameona picha zetu, naye anaitaka Tate Modern. Ratiba ya mama haimfai. Kazi ya Anatsui iliondolewa Aprili 2024, na Turbine Hall hupata kazi mpya, kwa kawaida vuli, kwa hiyo nimemwambia asiahidi watoto kitu mpaka tuangalie kilichopo. Paris pia anaitaka, ila Centre Pompidou, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya kule, asiitegemee, imefungwa tangu 2025 kwa ukarabati mpaka 2030. Mapacha tutaanza nao sakafuni mwa ule ukumbi mkubwa, ambako watoto hukimbia na kulala chali bila mtu kuwakemea, wakichoka ndipo tupande kwa Matisse. Kigari cha watoto aje nacho. Lifti zipo, ila foleni ya lifti Jumamosi mchana inakatisha tamaa, na dada yangu si mwamkaji, kwa hiyo nimemwambia mlango unafunguliwa saa tatu na nusu.