Milimita 14 kando ya ziwa

Tulianza kupanda kungali giza, mimi na mwenzangu ambaye hatoki bila lenzi yake ndefu. Mimi nilibeba kamera yenye sensa (kipande kinachonasa picha) ya milimita 36 kwa 24 na lenzi moja tu, pana, ya milimita 14, inayoona takriban nyuzi 114 kutoka pembe hadi pembe. Mzigo ulikuwa mwepesi, na kwa mwinuko ule hilo si jambo dogo.

Kulipopambazuka tukatokea ukingoni mwa bonde. Mbele mlima wenye theluji, chini ziwa. Mwenzangu akauvuta mlima ukajaa fremu nzima. Kwenye skrini yangu ulikuwa kichuguu. Wengi hununua lenzi hii ili waingize kila kitu, wakaambulia anga tupu, uwanda mtupu na kamstari ka milima katikati. Sikupiga hata moja. Nikamwambia tushuke.

Pale ufukweni palikuwa na jiwe lililopasuka, ufa wake ukielekea moja kwa moja mlimani. Hapo ndipo penye kazi ya lenzi pana. Ukubwa wa kitu kimoja pichani kikilinganishwa na kingine hutokana na umbali uliosimama. Upana unakupa nafasi ya kukaribia jiwe kabisa na mlima bado ukawemo. Nikashusha tripodi hadi usawa wa goti, nusu mita kutoka kwenye jiwe. Ufa ukajaa sehemu ya chini ya picha, chembe za mchanga ndani yake zikaonekana moja moja. Nikarudi nyuma nusu mita nyingine: jiwe likapungua nusu, mlima haukubadilika hata kidogo. Nikarudi nilipokuwa.

Fokasi haikunisumbua. Ukibana tundu la lenzi hadi f/11, kisha ukaiweka kama sentimita 80 mbele, huanza kuona vizuri kwenye sentimita 35 hivi na kuendelea hadi mlimani. Kilichosumbua ni miti ya pembeni: nilipoinamisha kamera ili nipate jiwe zaidi, vilele vyake vikamwagika kuelekea nje. Nikainyoosha, nikapandisha tripodi kidogo. Kisha nikatoa mguu wa tripodi uliojipenyeza chini ya fremu, na kofia ya mwenzangu upande wa kushoto. Kwa lenzi hii unakagua pembe zote nne kabla ya kubonyeza.

Akaniuliza mbona situmii kichujio cha polaraizi, anga iwe bluu zaidi. Kioo cha mbele cha lenzi yangu kimetuna, hakipokei kichujio cha kuzungusha. Hata kingepokea nisingeweka: kichujio hicho hukoleza zaidi sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na katika upana huu ungepata doa jeusi upande mmoja na weupe upande wa pili.

Upepo ulipoamka, matone yakaanza kurukia kioo. Jua likiwa mbele, kila tone hugeuka duara la mwanga, basi nikawa nafuta na kupiga, nafuta na kupiga.

Mwishowe akaomba aijaribu. Akalenga.

"Mbona mlima umekimbia?"

"Sogea kwenye maji."

Akasogea. "Bado."

"Sogea tena, bwana."

Picha yake ina mawimbi, mawe, mlima, na ncha za viatu vyake vilivyoloa.