Uga mmoja nilioubadilisha jina

Uga, yaani nafasi moja ya kujazia taarifa kwenye hifadhi ya data, uliitwa "picha". Asubuhi moja ya Jumatatu niliugeuza jina ukawa "pichaKuu", kwa sababu tulikuwa tumeongeza albamu ya picha nyingine na jina la zamani lilikuwa linachanganya. Data nilishaihamisha kwa skripti (programu fupi), maana Strapi, mfumo tuliohifadhia maudhui, ukiigeuzia jina la uga haielewi kuwa ni uleule: kwake mmoja umekufa na mwingine umezaliwa mtupu. Nikarekebisha tovuti, nikaipandisha, nikapitia kurasa kadhaa. Shwari. Kufika mchana, ujumbe ukaanza kumiminika: programu ya simu inajifunga kila mtu anapogusa jina la kifaa chochote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya makumbusho ya mitambo ya zamani: taipureta, mashine za kuchapia, vyerehani, saa za ukutani. Maudhui yote yalikaa mahali pamoja na kusomwa na pande tatu, yaani tovuti, programu ya simu ambayo mgeni anatembea nayo ukumbini, na skrini zilizosimama kando ya vifaa. Mfumo wa namna hii ndio unaoitwa usio na kichwa. WordPress au Drupal, mifumo ya kuendeshea tovuti, kwa matumizi yake ya kawaida, huhifadhi makala na pia huchora ukurasa: kiolezo kinaichukua makala na kuivika HTML, lugha ya kuchorea kurasa za wavuti. Mfumo usio na kichwa umeondolewa kazi ya kuchora. Unahifadhi, unampa mhariri mahali pa kuandikia, kisha unayatoa maudhui kupitia API, yaani mlango ambao programu nyingine huombea data, mara nyingi kwa umbo la JSON, maandishi ya majina na thamani zake, na anayeyaomba ataamua mwenyewe yaonekane vipi. Hata WordPress yenyewe inaweza kutumika hivyo. Tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016, API ya maudhui imo ndani yake bila kuongeza chochote.

Wazo hili halikuanza na jina hilo. Mwaka 2009 Daniel Jacobson wa NPR, redio ya umma ya Marekani, alieleza jinsi wao walivyokuwa wakifanya kwa kanuni waliyoiita COPE: tengeneza mara moja, chapisha kila mahali. Nilipoisoma niliipenda mno hiyo "kila mahali". Sikuwa nimefikiria kwamba "kila mahali" ni pamoja na mifukoni mwa watu ambao siwezi kuwafikia.

Tovuti ni yangu. Nikikosea saa nne, saa nne na dakika tano nimeshasahihisha na kila anayeifungua anapata mpya. Programu iliyomo kwenye simu ya mtu ni ya mtu huyo. Nikitengeneza toleo jipya, kwanza lisubiri ukaguzi wa duka la programu, halafu limsubiri mwenye simu aamue kulipakua, na wengine hawalipakui kamwe. Toleo la zamani lilikuwa limeandikwa liende moja kwa moja kwenye "picha" na kuchukua anwani yake. Halikukuta kitu, likaanguka. Siku ile niliurudisha uga wa zamani, nikairudisha data, nikauacha na ule mpya ukae pembeni yake, vyote viwili vikibeba picha ileile. Tangu hapo sibadilishi jina la uga wowote ambao simu zimeshausoma. Naongeza mpya, nahamisha wasomaji polepole, na ule wa zamani naufuta tu pale ambapo hakuna anayeuomba.

Lakini kabla ya majina kuna umbo, na hapo ndipo kazi hii inaponivutia zaidi. Mhariri wetu, mama mmoja aliyeijua kila taipureta pale ndani, alikuwa amezoea kisanduku kimoja kikubwa cha maandishi. Humo aliweka kila kitu: mtengenezaji kwa herufi nzito, mwaka kwa mlazo, kisha hadithi ya kifaa. Kwenye tovuti ilipendeza sana. Kwenye skrini ya ukumbini, ambayo ilitaka mwaka na mtengenezaji pekee kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa mbali, hatukuwa na namna ya kuvichomoa. Fomu ya kwanza ilikuwa pia na uga ulioitwa "safu ya kushoto" na mwingine "safu ya kulia". Simu haina kushoto wala kulia. Ina juu na chini tu.

Tukakaa naye wiki mbili, kifaa kwa kifaa, tukiuliza kila taarifa ni nini, si itakaa wapi. Mtengenezaji akawa na rekodi yake mwenyewe inayounganishwa na vifaa vyake vyote. Maelezo mafupi yakapewa kikomo cha herufi 160. Nilidhani mwaka ungekuwa rahisi kuliko vyote, namba moja basi. Yeye akanionyesha kadi zake: "1890 hivi", "kati ya 1905 na 1910", "kabla ya 1920". Tukaishia na nyuga tatu: mwaka wa mwanzo na wa mwisho kwa ajili ya kupanga na kutafuta, na maandishi ambayo mgeni anayasoma. Bila yeye ningeandika 1890 kavu, na ingekuwa uongo kwenye skrini zote kwa mara moja.

Swali lake jingine lilinichukua muda mrefu kuliko API nzima. "Sasa mwanangu, nitaonaje itakavyokuwa kabla watu hawajaiona?" Mfumo usiochora kurasa hauna cha kumwonyesha. Ikabidi nijenge njia ya siri kwenye tovuti inayoomba rasimu badala ya yaliyochapishwa, ufunguo wake ukibaki kwenye seva na kamwe usifike kwenye kivinjari, kisha nikamwekea kitufe cha kuifungua. Kwa skrini nilimtengenezea ukurasa wa pikseli 1080 kwa 1920, umbo lilelile la ukumbini. Siku hizi hicho kitufe ndicho ninachoanza nacho. Mhariri anayeandika gizani huandika kwa hofu, na hofu hiyo inaonekana kwenye maandishi.

Mengine ni ya kuzoea. Strapi isipoambiwa hutoa rekodi 25 kwa ukurasa, kwa hiyo wiki ya kwanza tuliona vifaa 25 tu na mama akadhani vingine vimepotea. Uhusiano, kama ule wa mtengenezaji, hauji mpaka uuombe kwa jina. Na kwa mwenye tovuti moja na mwandishi mmoja, mimi humwambia wazi abaki na WordPress ya kawaida, maana atajenga kwa miezi kile ambacho angekipata siku hiyohiyo.

Uga wa "picha" bado upo. Nimeuficha kwenye fomu ya mhariri asihangaike nao, na skripti huujaza kila kifaa kinapochapishwa. Programu hutuma namba ya toleo lake katika kila ombi, kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi nafungua kumbukumbu za seva na kutafuta lile la zamani. Mwezi huu nimekuta maombi kumi na moja, yote ya Jumamosi moja alasiri, yakifuatana kifaa baada ya kifaa kwa mpangilio wa ukumbi. Kuna mtu alikuwa anatembea mle ndani na simu yake, na kila picha ilifunguka.