Kinywa na Mkono Vikiachana

"Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." (Mathayo 5:37)

Wapendwa, Bwana asifiwe. Jumatano kwenye ushirika wetu wa nyumbani hapa Langa Langa, Nakuru, ndugu mmoja aliuliza: kuna haja gani kumhukumu mtu ambaye kiti ameshakiacha? Swali hilo limenifuata wiki nzima.

Alikuwa akikumbuka Februari 2021, Seneti ya Marekani ilipoketi kumhukumu Donald Trump akiwa ameshaondoka Ikulu. Maseneta 57 walisema ana hatia, 43 wakasema hana. Zilihitajika 67. Mitch McConnell, kiongozi wa chama chake mle Seneti, alikuwa kati ya wale 43. Kura ikiisha tu, akasimama akasema lawama za fujo za Januari 6, wafuasi wa Trump walipovamia jengo la Bunge, ni za Trump mwenyewe, ila kwa kuwa ameshatoka, Seneti haina mamlaka juu yake.

Angepatikana na hatia, kura nyingine ingeweza kumzuia kushika wadhifa tena. Hakupatikana, na Novemba 2024 alichaguliwa upya. Waliolipa ni wengine. Wabunge 10 wa chama chake walikuwa wameunga mkono ashtakiwe. Baada ya uchaguzi wa 2022 walirudi bungeni wawili tu. Liz Cheney, mmoja wa wale kumi, alibwagwa kwenye mchujo kwao Wyoming.

Mambo ya katiba yao nawaachia mawakili. Mimi nimekwama kwenye kile kinywa na ule mkono. Pilato naye alisema haoni hatia, kisha akamtoa Bwana wetu asulubiwe.

Na mimi nimefanya hivyo, wapendwa. Miaka ya nyuma nilipewa daftari la chama chetu cha akiba nilikague. Kurasa mbili zilikuwa zimegandishwa kwa gundi. Nilizishikilia juu ya mvuke wa sufuria ya chai mpaka zikaachana, nikaona majina ya akina mama wawili ambao akiba yao haikufika benki. Mweka hazina alikuwa ameshajiuzulu. Kwenye kikao nikainua mkono pamoja na wenzangu: ameshatoka, yaishe. Yeye alikuwa ametoka, kweli. Wale akina mama hawakuwa wametoka popote, walikuwa wameketi nyuma yangu.

Tukiwa langoni nikawanong'oneza, "Kusema kweli, mliibiwa." Mmoja wao akanitazama, akaniuliza, "Na kule ndani ulikuwa nani?"

Sikumjibu. Daftari bado ninalo. Jumapili hii, ibada ikiisha, nitampelekea nyumbani kwake, na kikao kijacho nimeomba nafasi ya kusema. Niombeeni.