Ndoto yangu ya jua sasa ina tarehe

Tangu utotoni natamani kuona jua likipatwa kikamilifu, kwa macho yangu, si kwenye picha. Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa "ipo siku", na ndoto haikusogea hata hatua moja.

Iliposogea ni pale nilipoanza kuiuliza maswali. Lini? Tarehe 2 Agosti 2027. Wapi? Kivuli cha mwezi kitaanzia Atlantiki, kipite kusini mwa Hispania, kifuate Afrika Kaskazini kuanzia Moroko hadi Misri, kivuke Bahari ya Shamu na kumalizikia Bahari ya Hindi. Giza litadumu kwa muda gani? Karibu na mji wa Luxor, Misri, zaidi ya dakika sita. Nilipoyaandika hayo kwenye daftari, moyo ulinienda mbio, kwani ghafla lilikuwa jambo la kuwekwa kwenye kalenda.

Swali lililonifaa kuliko yote lilikuwa hili: je, lazima nisafiri? Ukanda wa giza kamili una upana wa kilomita 258 hivi. Nje yake jua humegwa tu. Hata likizibwa kwa asilimia 99, ile moja inayobaki inang'aa mno kiasi kwamba huoni taji la mwanga linalolizunguka, na miwani ya kukinga macho huvui. Kukaa nyumbani nikisubiri nako hakusaidii, maana kwa wastani mahali pamoja duniani hupitiwa na kivuli hicho mara moja katika miaka 375 hivi. Basi lengo langu limebadilika: niwe ndani ya ukanda saa hiyo, mahali pengine popote hapana faida.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba anayeamua mapema lini, wapi na vipi atafanya jambo hulitimiza zaidi kuliko anayeishia kwenye nia. Naamini hivyo kabisa. Ila kutazama video za watu wakishangilia gizani mimi sikuiti utafiti. Inaburudisha, basi. Kipimo changu ni kama nilichosoma leo kimebadilisha nitakachofanya kesho.

Mfano ni hali ya hewa. Luxor mwezi wa Agosti mawingu ni nadra sana, na hilo lilinifanya niichague. Lakini joto la mchana hupita nyuzi 40, nami nitakuwa nje saa nyingi, kwa hiyo orodha yangu imeongezeka kofia pana, maji ya kutosha na mahali pa kivuli. Miwani nimeshajua ni ile ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua: inavuliwa giza likikamilika tu, na inarudi machoni mara nuru ya kwanza inapochomoza ukingoni.

Sasa nashughulikia malazi, maana wanaoitaka Luxor siku hiyo ni wengi. Kazini nitaomba likizo mapema, na fomu nimeshaichukua.